Hesabu ya Wafu wa Kongo



Jioni hii tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa wapiganaji wa M23, dunia ilitangaziwa hesabu ya waliokufa. Mapema mwezi Februari maofisa wa Umoja wa Mataifa walitaja maiti karibu 2,900: zipatazo 2,000 zilizookotwa mitaani, na 900 zilizokuwa katika vyumba vya maiti vya hospitali. Kabla ya mwezi huo kwisha, Waziri Mkuu wa Kongo alisimama mbele ya mkutano wa Geneva akataja watu zaidi ya 7,000.

Wengi waliosikia taarifa hizo mbili waliuliza swali moja tu: nani anasema uongo? Swali hilo lilikuwa limekosewa. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya maiti zilizopatikana katika mji mmoja baada ya mapigano ya siku chache. Hesabu ya pili ilihusu mashariki ya Kongo kwa jumla, tangu mwezi Januari uanze. Hizo ni hesabu za vitu viwili, na mtu hawezi kuzipambanisha kabla ya kujua kila moja imehesabu nini, wapi, na kwa muda gani.

Ndugu wasikilizaji, jambo hilo si la wasomi peke yao. Askari anajua thamani yake kuliko mtu mwingine yeyote. Mpelelezi akirudi kutoka doria akamwambia mkuu wake kwamba adui ni 300, mkuu mwenye busara hapigi baragumu papo hapo, wala hamfukuzi mpelelezi kwa kumwona mwoga. Humwuliza: uliwaona kwa macho yako au uliambiwa? Ulikuwa umbali gani? Saa ngapi? Uliwahesabu mmoja mmoja, au ulihesabu moto wa mapishi ukakisia? Taarifa ikijibu maswali hayo ni silaha. Isipoyajibu, inaweza kukiangamiza kikosi kizima. Nasi jioni hii tutaichukua hesabu moja mashuhuri ya nchi jirani, tuihoji kama mkuu anavyomhoji mpelelezi wake.

Hesabu hiyo ni milioni 5.4. Kwa miaka mingi tumeisikia katika hotuba na kuisoma katika magazeti, kwamba vita ya Kongo iliua watu milioni 5.4. Ilitangazwa Januari 2008 na shirika la misaada la International Rescue Committee, kwa kifupi IRC, na ilihusu kipindi cha kuanzia Agosti 1998, vita ya pili ilipolipuka, hadi Aprili 2007. Wengi wanaoitaja hudhani kwamba watu hao wote waliuawa kwa risasi na mapanga, na kwamba mtu fulani mahali fulani aliandika majina yao. Dhana zote mbili si sahihi.

Sensa ya mwisho kabla ya vita hiyo ilifanywa mwaka 1984, wakati nchi ikiitwa Zaire. Vijijini vifo havikuandikishwa, na zahanati nyingi zilikuwa zimefungwa au zimeporwa. Hapakuwa na daftari la kufungua. Askari wetu wa kulinda amani walioanguka Semuliki, Kivu ya Kaskazini, Desemba 2017, tunawajua kwa majina na vikosi vyao, na jeneza la kila mmoja lilipokelewa nyumbani kwa heshima. Mama wa kijijini aliyefia porini na mwanawe mgongoni hana namba wala cheo, na hakuna gwaride litakaloonyesha kwamba nafasi yake i wazi. Kumhesabu mtu kama huyo kunahitaji njia nyingine.

Njia iliyotumika ni ya sampuli. Mpishi hali chungu kizima ili ajue kama chumvi imekolea. Huonja kijiko kimoja, ila sharti kwanza akoroge. Katika uchunguzi wa mwisho, ule wa 2007, zilichaguliwa kanda 35 za afya katika mikoa yote 11 ya wakati ule, kisha ndani yake vijiji na mitaa, kisha kaya zipatazo 14,000. Wadodosaji walibisha hodi wakauliza: Januari 2006 mlikuwa watu wangapi katika nyumba hii? Nani amezaliwa tangu siku ile? Nani amekufa, na alikufa kwa nini? Majibu yalipojumlishwa ilionekana kwamba kila mwezi, katika kila watu 10,000, walikuwa wakifa watu 22.

Hapa ndipo maswali yetu yanapoanzia. La kwanza ni hili: walioulizwa walipatikanaje? Tuseme ofisa anataka kujua hali ya usalama wa wilaya nzima, naye akaenda katika vijiji vilivyo kando ya barabara tu, kwa sababu gari lake linafika huko. Atapata majibu ya kweli, lakini yatakuwa ya kando ya barabara. IRC ilifanya uchunguzi mara 5 kati ya 2000 na 2007. Mara mbili za mwanzo, 2000 na 2001, vita ilikuwa kali, na wachunguzi walifika katika maeneo machache tu ya mashariki. Maeneo hayo hayakupatikana kwa kura iliyohusisha mashariki yote. Hata hivyo matokeo yake yalipanuliwa hadi yakasimama badala ya mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewafikia. Katika jumla ile ya milioni 5.4, karibu nusu imejengwa juu ya msingi wa chunguzi hizo mbili. Zilizofuata zilihusu nchi nzima na zilifuata kanuni za kura vizuri zaidi. Kwa hiyo, ndani ya hesabu moja mna sehemu iliyo imara na sehemu iliyo dhaifu, na anayeitaja jumla peke yake ameificha tofauti hiyo.

Swali la pili ni zito kuliko yote: hesabu imelinganishwa na nini? Watu hufa hata penye amani. Vita haiwezi kubebeshwa lawama ya kila kaburi. Inabebeshwa yale makaburi ambayo bila vita yasingechimbwa. Wataalamu huviita vifo hivyo vifo vya ziada. Lakini ili uijue ziada lazima uijue kwanza kawaida. IRC ilichukua kiwango cha wastani wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, ambacho kilikuwa vifo 14 kwa mwezi katika watu 10,000. Waliokufa ni 22, kawaida ni 14, basi ziada ni 8.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha nchini Kanada waliipinga hesabu hiyo, na hoja yao kuu ilikuwa hapo hapo. Walisema kwamba Kongo haikuwa nchi ya wastani hata kabla ya risasi ya kwanza kulia. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu barabara zilikuwa zimemezwa na msitu, hospitali hazikuwa na dawa, na watumishi wa serikali walikaa miezi bila mishahara. Kuipima nchi hiyo kwa kiwango cha wastani wa bara ni kuibebesha vita mzigo wa vifo ambavyo umaskini na utawala mbovu vilikwisha kuvileta. Wao walipendekeza kawaida ya vifo 20. Tazameni matokeo yake: 22 ukitoa 20, ziada ni 2, yaani robo tu ya ile 8. Hakuna maiti hata mmoja aliyefufuka, wala jibu la kaya hata moja lililobadilika. Kilichobadilika ni kitu kilicholinganishwa nacho. Kwa kipimo hicho, vifo vya ziada katika kipindi cha chunguzi tatu za mwisho vilishuka kutoka milioni 2.83 hadi laki 8 na elfu 60 hivi. Wataalamu wengine wa Ubelgiji, waliotumia njia yao wenyewe, walikuwa wamekisia kwamba vifo vya ziada kati ya 1998 na 2004 vilikuwa kiasi cha 200,000.

Ndugu zetu wa polisi wanaifahamu hatari hiyo katika kazi zao. Kituo kikipata mkuu mpya mwenye bidii, wananchi wakaanza kukiamini, kesi zilizoandikwa katika kitabu cha matukio zitaongezeka. Atakayelinganisha mwaka huu na mwaka jana bila kuuliza zaidi atasema uhalifu umepanda, na huenda akamwadhibu mkuu yule kwa sababu ya uaminifu wake. Kulinganisha ni kazi ya mizani, na mizani yenye jiwe bovu humwibia mnunuzi hata kama mwuzaji ni mtu mwema.

Swali la tatu ni juu ya wale ambao hawakuweza kujibu. Tumeona hoja za kuishusha hesabu. Haki yatudai tuzitazame na hoja za kuipandisha. Mdodosaji hubisha hodi kwenye nyumba yenye mtu. Kaya iliyoteketea yote, baba, mama na watoto, haina wa kufungua mlango, na wafu wake hawamo katika daftari. Kadhalika zilikuwapo sehemu ambazo wachunguzi walishindwa kuzifikia kwa sababu ya mapigano, na yaelekea kwamba huko ndiko vifo vilikokuwa vingi zaidi. Tena kumbukumbu ya mwanadamu ina kasoro zake. Kuna anayesahau mwezi wa msiba, kuna asiyependa kumtaja mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kupewa jina, na kuna anayeongeza idadi kwa matumaini kwamba wageni wamekuja kuandikisha watu wa kupewa chakula. Mtafiti hodari huyajua hayo tangu mwanzo, akapanga maswali yake kwa namna ya kuyapunguza, kisha akaungama katika taarifa yake ni yapi yaliyomshinda.

Na hicho ni kipimo ambacho hata asiye mtaalamu anaweza kukitumia. Tazama kama taarifa imetaja udhaifu wake yenyewe. Taarifa ya IRC ilifanya hivyo. Haikusema milioni 5.4 kama anayesoma kibao cha mlangoni. Iliandika pia kwamba ukweli ungeweza kuwa mahali popote kati ya milioni 3 na milioni 7.6. Upana huo ni mkubwa mno, na ulikuwa onyo la wazi kwa msomaji. Waandishi wa habari waliichukua namba ya katikati, wakaliacha onyo. Basi tusiwalaumu waliopima kwa makosa ya waliotangaza, wala sisi tunaotangaza tusijivue lawama hiyo.

Swali la nne: nani anaitaka hesabu hiyo iwe kubwa, na nani anaitaka iwe ndogo? Shirika la misaada huishi kwa huruma ya wafadhili, na namba kubwa huamsha huruma. Serikali na makundi yenye silaha yaliyohusika katika vita hupenda namba ndogo, kwa maana namba kubwa ni mashtaka. Lakini tuwe waangalifu hapa. Kujua maslahi ya msemaji ni sababu ya kumhoji zaidi, na si ithibati kwamba amesema uongo. Chunguzi hizo zilifanywa na madaktari na wataalamu wa takwimu waliotembea kwa miguu katika nchi yenye vita, na matokeo ya ule wa 2004 yalichapishwa Januari 2006 katika jarida la tiba la The Lancet, ambalo halichapishi utafiti kabla ya wataalamu wengine kuupekua. Waliowapinga nao waliweka hesabu zao hadharani. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga mbele: mmoja anapima, mwingine anakagua kipimo chake, na msikilizaji anaonyeshwa njia ya kila mmoja.

Ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kusema: ikiwa wataalamu wanatofautiana kati ya laki mbili na mamilioni, basi hatujui lolote, na takwimu zote ni porojo. La hasha. Huo ni uvivu uliovaa joho la hekima. Yapo mambo yaliyobaki yamesimama baada ya maswali yote, na kwa mtu mwenye sare hayo ndiyo makubwa.

La kwanza lililosimama ni kwamba vita ya Kongo iliua zaidi kwa maradhi kuliko kwa silaha. Katika uchunguzi wa 2007, vifo vilivyoletwa moja kwa moja na mapigano vilikuwa asilimia 0.4 tu. Vilivyobaki vilitokana zaidi na malaria, kuharisha, homa ya mapafu, maradhi ya watoto wachanga na utapiamlo. Magonjwa ambayo dawa zake zinajulikana na hazina bei kubwa. Watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 19 ya watu wote, lakini walikuwa asilimia 47 ya waliokufa. Hata ukiipunguza jumla hadi robo, mpangilio huo haubadiliki.

La pili ni kwamba usalama na afya vilikwenda pamoja. Waliofanya uchunguzi wa 2004 waliona kwamba vifo, hata vya maradhi, vilizidi katika kanda zilizokuwa na mapigano, wakahitimisha kwamba mapigano yakiondolewa vifo vingeweza kurudi karibu na kawaida. Hapa pia tuulize swali letu: je, kanda hizo si ndizo zilizokuwa mbali na maskini tangu zamani? Huenda umbali na umaskini vina sehemu yao, kwa hiyo tusiibebeshe bunduki kila kitu. Lakini njia ambayo bunduki huua bila kufyatuliwa tunaifahamu. Barabara ikifungwa, gari la dawa halipiti. Soko likichomwa, mkulima hapati mahali pa kuuza wala pa kununua. Kijiji kikikimbilia msituni, watoto hulala nje bila chandarua na kunywa maji ya madimbwi.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya jambo hilo katikati ya jiji letu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwatumia katika vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi yetu. Wapagazi wengi sana walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi za Wajerumani. Wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya idadi yao, kwa sababu wale waliowachukua hawakuona umuhimu wa kuwahesabu sawasawa. Makaburi ya maofisa yaliandikwa majina. Mpagazi aliachwa kando ya njia. Asiyehesabiwa akiwa hai hupata shida kuhesabiwa akiwa amekufa.

Ndiyo maana tunasema kwamba kuihoji hesabu ya wafu si kuwadharau wafu. Anayewadharau ni yule anayewafanya chambo cha hotuba, awaongeze leo anapotaka fedha na awapunguze kesho anapotaka kusafishwa. Wakimbizi wa Kongo waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu 1996 hawahitaji kuambiwa kama vita yao iliua. Wanachostahili ni watu watakaosema ukweli kuhusu waliowaacha nyuma.

Ndugu maofisa na askari, nchi yetu ilipeleka vijana wake Kongo mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Atakayetumwa tena katika kazi ya namna hiyo, huko au kwingineko, ataombwa taarifa: wangapi wamekimbia, wangapi wamejeruhiwa, wangapi wamekufa. Mkononi mwake kutakuwa na kalamu na daftari la shamba, na atakayoyaandika yatasafiri mbali kuliko risasi yake. Yatapanda kutoka kombania hadi makao makuu, na kutoka makao makuu hadi katika kumbi ambamo wakubwa huamua dawa ziende wapi na askari waende wapi. Basi aandike alichokiona, na kando yake aandike alichoambiwa, asivichanganye. Aandike alifika wapi, na aandike pia ni wapi alishindwa kufika. Asiongeze ili ahurumiwe, asipunguze ili asifiwe. Na pale asipojua, awe na ujasiri wa kuandika kwamba hajui.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama ni hivyo kwa mali, seuze roho za watu.